Mama Wawili wa Osewe

Gothenburg, Sweden
9 Machi 1996

Kwako dada Rosebella,

Hujambo wewe na magoti yako? Mimi sijambo, ila pua inatiririka tangu nishuke kwenye ndege. Osewe ni mzima, anakusalimu sana. Ameota nyama shingoni na anavaa kofia hata mezani. Mkewe Annika pia ni mzima, tumbo limeshuka, na mkunga amesema mtoto atakuja wakati wowote. Kila asubuhi ananiuliza nimelalaje, na mimi namjibu kwa vidole kwa sababu Kiingereza chake na changu havijazoeana.

Wasalimie wanakwaya wote, na Nthenya mlango wa pili. Mwambie omena zilifika salama, samaki wote wakavu. Nilizifunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni, na bado Osewe alipofungua begi aliinamisha uso mle ndani akakaa hivyo kwa muda. Nilidhani ameugua.

Safari, dada, ilikuwa laini kabisa. Ndege ikikimbia chini inakusukuma mgongo kwenye kiti, halafu ghafla sauti inapungua na unajua umeiacha Kenya. Masikio yaliziba, nikatafuna peremende mpaka taya likauma. Kuna ramani mbele inayoonyesha mlipo. Nililala juu ya Sudan nikaamka bado tuko juu ya Sudan, nchi haiishi ile. Asubuhi niliona jua likitoka chini yetu, mawingu yamelala kama sufi iliyochambuliwa, na niliimba kwa sauti mpaka jirani yangu akageuka. Amsterdam kuna ngazi zinazotembea zenyewe. Nilizipanda mara mbili, ya pili bila haja yoyote. Tulifika hapa, nikapita, Osewe akanipokea. Hakuna shida hata moja.

Sasa niseme lililo moyoni. Tulitoka Kibera wawili, paspoti mbili, tiketi mbili ambazo mtoto wetu Osewe alitutumia. Mburu, landilodi wangu wa Gatina kule Kawangware, akaacha shughuli zake atupeleke na pikapu yake. Tukiwa kwenye foleni ya mizigo ukaniambia, "Sella, nimeacha stovu inawaka," ukageuka ukaenda. Nilifikiri ni mzaha. Nilikutazama mpaka ukapanda pikapu.

Stovu hiyo, nyamera, mtoto wa mama yangu, haikuwa na tone la mafuta ya taa tangu Jumatatu. Ndiyo maana tulikunywa chai kwa Nthenya.

Kiti chako kilikuwa cha dirishani. Walileta chakula chako pia, nikakila ili kisitupwe. Osewe aliponiona niko peke yangu alitazama nyuma yangu kwa muda mrefu kabla hajanikumbatia. Nakuuliza tu: uliikuta inawaka?

Mdogo wako,
Sella


Kisumu Ndogo, Kibera
27 Machi 1996

Mpendwa Sella,

Nimepata barua yako jana, asante. Sisi hatujambo. Mvua imeanza na njia ya kushukia Laini Saba haipitiki bila kuvua viatu. Kwaya inajifunza nyimbo za Pasaka, na tangu uondoke sauti ya pili imekuwa aibu tupu. Nthenya anakusalimu, anauliza kama huko kuna watu weusi au uko peke yako. Nilipita Gatina kuangalia chumba chako. Mburu amepaka mlango rangi ya kijani bila kuuliza mtu. Kufuli ni lile lile.

Jumapili Osewe alipiga simu ofisi ya kanisa, katibu akaja mbio kunitoa kwenye maombi. Msichana! Kilo tatu na nusu! Nilipiga kigelegele humo humo ofisini, pasta akatoka nje kuona kuna nini. Nimefurahi, Sella, sijui niandike vipi. Nilifunga kibanda siku nzima, na wateja wa omena waliponitafuta Nthenya aliwaambia mwenye kibanda amejifungua.

Magoti yangu yanasumbua kwa sababu ya unyevu. Daktari wa zahanati amesema nisikae kitako muda mrefu, na ndege, kama ulivyosema mwenyewe, ni kukaa kitako mpaka Sudan iishe. Kwa hivyo unaona.

Habari ya stovu imekwisha, tusiirudie.

Lakini kuna jambo. Katika simu Osewe alisema, "Mama, siku ile tulimngoja mama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana." Mimi nina barua yako hapa mezani inayosema ulifika ukapita. Saa zote hizo tano ulikuwa wapi? Mtu haendi haja kwa saa tano. Nakujua tangu unatambaa. Ukiandika "hakuna shida hata moja" najua zipo. Usinifiche ati kwa sababu mimi ni mwoga. Sijasema mimi ni mwoga.

Ni mimi dada yako,
Rosebella


Gothenburg
10 Aprili 1996

Dada Rosebella,

Pokea salamu, na kabla ya yote mpokee mjukuu wako. Anaitwa Elin, na jina la kwetu wanakungoja wewe. Paji la uso ni lako, lile lile la kukasirika. Akilia anakunja ngumi ya kushoto. Annika anamlaza nje kwenye baraza, kwenye baridi, amefunikwa mablanketi, eti ndivyo watoto wa huku wanavyolala vizuri. Siku ya kwanza nilimrudisha ndani mara tatu. Siku hizi natoka na kanzu yangu nakaa naye huko huko, tunapiga chafya wawili.

Haya, umeuliza, nakuambia. Nilificha kwa sababu nilijua ukisikia hutapanda ndege mpaka ufe.

Pale wanapogonga muhuri kulikuwa na kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu. Akauliza, huyu Osewe ni nani wako? Nikasema, mtoto wangu. Akatazama karatasi zake. Akasema mama wa Osewe anaitwa Rosebella. Nikasema ndiyo, kweli kabisa. Akasema wewe ni Sella. Nikasema ndiyo. Akasema basi wewe si mama yake. Nikasema mimi ni mama yake.

Hapo ndipo nilipopelekwa kwenye chumba chenye kiti kimoja na picha ya ziwa.

Walituma mtu nje amuulize Osewe. Unamngoja nani? Mama. Mama yako anaitwa nani? Rosebella. Na Sella ni nani? Mama. Naapa alijibu hivyo bila kucheka. Mtoto tumemlea wawili, wewe mpaka darasa la saba, mimi miaka minne ya sekondari kwa kuwa Gatina ilikuwa karibu na shule, ulitaka aseme nini? Na ile barua ya mwaliko aliandika "mama zangu wawili". Mwenye ndevu akaona hapa kuna biashara ya watu.

Wakampigia simu mkalimani, mzee wa kwao aliyewahi kuhubiri Tanzania zamani. Akaniambia, "Shikamoo mama." Ni lini mara ya mwisho mtu aliniamkia hivyo Kawangware? Nilikaa wima. Akauliza, "Je, wewe ni shangazi yake?" Nikasema hapana! Shangazi ni dada ya baba. Shangazi wa Osewe ni Celine na yuko Siaya, mimi siwezi kuidanganya serikali ya watu. Nikasikia anawaambia kwamba nimekataa. Baadaye nilielewa kwamba ningekubali hapo ningekuwa nje dakika hiyo hiyo.

Nikamwambia mimi ni mama mdogo. Akatafsiri. Yule mwenye ndevu akanitazama kutoka kilemba mpaka viatu, akacheka mpaka akafuta macho. Mzee alikuwa amesema "mama mfupi mwembamba", au kitu cha namna hiyo. Unajua mwili wangu, Rosebella. Wakajaribu Kiingereza, wakaniuliza kama mimi ni anti. Nikawaambia kwetu anti ni msichana wa kufua na kupika, na mimi sikuvuka bahari kuja kufua.

Hapo nilikuwa tayari na hofu, nakuambia kweli. Niliwaza watanirudisha, nitashuka Nairobi na omena zangu, niwaambie nini watu. Nilitamani ungekuwepo. Ungekuwepo tungewaonyesha kwa vidole: huyu, na huyu.

Mwishowe aliingia mama mmoja wa makamo, mkubwa wao, amevaa koti tayari kwenda nyumbani. Akanipa kalamu. Nikachora mama yetu juu, chini yake wewe na mimi, na chini yako Osewe. Akatazama. Akaweka kidole juu yangu, akapaza sauti: "Moster!" Dada, wana neno! Mo ni mama, ster ni dada, wameviunganisha tu. Dada ya baba ana neno lake mbali. Akapiga kifua chake, akasema yeye mwenyewe alilelewa na moster. Alimgombeza mwenye ndevu kwa lugha yao na kugonga muhuri kwa mkono wake. Kwa hivyo huku watu ni kama sisi, ila wamefichwa na baridi.

Aliniuliza swali moja la mwisho. Mama wa kwanza yuko wapi? Nikasema aliacha stovu inawaka. Mkalimani kwenye simu akaniomba nirudie.

Sella


Kisumu Ndogo, Kibera
29 Aprili 1996

Sella,

Salamu kwa wote hapo, na kwa Elin busu moja kwenye hilo paji. Sisi tu wazima. Pasaka ilipita vizuri, Nthenya alipika chapati tukala mpaka tukashindwa kuimba. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa kibandani na nilipofika kwenye "mama mfupi mwembamba" mteja mmoja alimwaga omena zake zote. Nilicheka, kisha nikafika mwisho nikaacha kucheka. Ulimwambia mzee mzima, mhubiri, habari za stovu?

Basi nitasema, na baada ya hapa usiniulize tena.

Siogopi ndege. Labda kidogo. Unakumbuka Osewe alipoondoka mwaka wa themanini na tisa, mimi sikumsindikiza. Nilikuwa nimekasirika kwamba ameacha kazi nzuri ya Reli kwenda kuchomelea meli za watu wasiotujua. Nilimwambia akienda aende. Ulikwenda wewe, wewe na Mburu. Mimi nilikaa hapa nikapima omena mchana kutwa kana kwamba ni siku kama nyingine. Miaka saba, Sella, simu ni za "hujambo mama, sijambo mwanangu", na hatujawahi kulitaja.

Sasa siku ile tumefika uwanjani, na mimi sijawahi kuingia humo. Nikaona ile milango ya vioo inafunguka na kufungika. Ukaniambia, "Ni hapa alisimama akikungoja mpaka wakamwita jina." Ulisema tu, hukuwa na nia mbaya. Miguu ikakataa. Niliwaza nitafika huko anisalimie vizuri, anibebee begi, anipe chai, kama mgeni. Heri nisijue. Ndipo nikasema stovu.

Mburu aliendesha mpaka pale Adams, karibu na nyumbani. Halafu akasema, "Mama, si ungesema tu umeshindwa? Hata mimi ningegeuza gari nikulete bila story ya stovu." Nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Sasa wewe uko huko, na mama ni mama, tumelea wawili. Umemwona mtoto kwa macho yetu sote. Inatosha. Mimi nitumie picha.

Rosebella


Gothenburg
6 Mei 1996

Dada yangu,

Salamu nyingi. Elin amecheka jana, Annika anasema ni gesi, mimi nasema ni kicheko. Theluji imeyeyuka na watu wamegeuka kabisa, wanasalimiana barabarani, wanakaa kwenye ngazi wakitazama jua wamefumba macho. Osewe amenipeleka kwenye maji nikaona meli anayoichomelea. Ni kubwa kuliko Laini Saba nzima na makanisa yake. Aliniambia, "Mama angeona hii." Alipokuwa anasema hivyo hakuwa anazungumza juu yangu.

Sitakujibu yale uliyoyaandika. Uliniambia nisiulize tena, nami si mbishi. Nisamehe tu kwa neno nililokuambia pale mlangoni.

Nina habari nyingine. Ubatizo ni Jumapili tarehe 30 Juni. Viza yangu inaisha mwanzoni mwa Juni na nitakuwa nimerudi kwangu Gatina, kwenye huo mlango wa kijani. Sasa huku kila bibi ana jina lake. Mama wa mama ni mormor, naye yupo, anakuja kila Jumatano na keki. Mama wa baba ni farmor. Kanisani mormor anakaa upande huu na farmor upande ule. Mimi nilisema nitaketi kwenye kiti cha farmor hata siku za mazoezi ya ubatizo tu, wakaniambia kwa heshima kwamba moster hawezi kuwa farmor, ni maneno mawili.

Lakini usijali, tatizo limekwisha. Hapa mlango wa tatu kuna mama mmoja mjane, anaitwa Birgit. Amesema kwa kuwa farmor wa kweli hataweza kufika, atakaa yeye kwenye kiti. Ni mtu mwema sana. Tayari amemfumia Elin soksi, na ameanza kujiita farmor Birgit. Siku ya ubatizo yeye ndiye atakayemshika mtoto kwa upande wa Osewe, na picha zitapigwa, zitawekwa ukutani. Elin akikua ataziona. Amemfundisha hata Osewe kuoka mkate wao mweusi.

Magoti yako yanaendeleaje? Pumzika. Usijisumbue kwa lolote.

Mdogo wako,
Sella


Gothenburg
20 Juni 1996

Sella, wewe mwongo,

Hujambo? Hawajambo hapo Gatina? Mwambie Mburu nimefika na magoti yote mawili. Mwambie Nthenya afungue kibanda kila siku na asiwauzie watu omena za juu tu, achanganye. Huku ni wazima wote. Elin anakunja ngumi ya kushoto kama ulivyosema. Jua halitaki kuzama, wanafunga mapazia ili walale.

Barua yako ya Mei ilinikuta naosha sinia. Niliisoma nimesimama, nikavaa viatu, nikaenda ubalozini siku hiyo hiyo na mikono inanuka samaki. Yule msichana wa dirishani alinikumbuka. Akauliza, "Mama, na safari hii utaenda kweli?" Nikamwambia kuna mwanamke amekalia kiti changu. Ulipotua kutoka huku ulinikuta nimekwisha panga begi, na kila nilipomtaja Birgit ulianza habari za mvua. Siku ya kuondoka ulinishika mkono kwenye ile foleni ya mizigo kama polisi. Umesahau kwamba miguu ilikuwa yangu na ilikuwa inakwenda yenyewe.

Jambo la kwanza nililofanya hapa baada ya kunawa ni kumwomba Annika anionyeshe nyumba ya Birgit, nikamshukuru kwa soksi kisha nimweleze kwamba mwenye kiti amefika. Akasema Birgit yupi? Mlango wa tatu kuna mwanamume mmoja anayefuga paka. Nilirudi ndani nikakaa. Osewe alipoelewa alilala chini sakafuni kwa kucheka. Miaka hamsini na mbili umekaa kimya ukijifunza uongo wa namna hii! Nitakulipa nikirudi, sijui kwa kitu gani, lakini nitakulipa.

Safari ilinifurahisha, Sella, na hukuniambia nusu yake. Nilikaa dirishani. Ndege ilipopaa nilishika mkono wa mwanamume nisiyemjua, Mjaluo wa Uganda kumbe, na tulipofika mawinguni tukajuana mpaka ukoo wa bibi yake. Hakuniachilia nione ramani peke yangu, alinisomea kila nchi. Amsterdam nilipotea. Nilikwenda upande wa kushoto mahali pa kwenda kulia, nikatembea, nikatembea, nikajikuta kwenye watu wa China tupu. Msichana mmoja wa usafi alinishika bega akanirudisha kwa mbio, mimi na magoti yangu, na nilifika mlangoni wakiwa wanaufunga. Niligundua nimekimbia bila kusikia maumivu. Usimwambie daktari.

Kwenye muhuri nilimkuta kijana, si yule wa ndevu nyekundu. Nilikuwa nimejifunza maneno yote: mama, Rosebella, wiki sita, ubatizo. Akaona barua ya mwaliko, akasoma kuhusu Elin, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza cha polepole, "Kwa hiyo umekuja kumwona mtoto." Nikasema ndiyo. Akauliza ana miezi mingapi.

Nikamwambia ana miaka thelathini na mmoja. Akatazama karatasi tena. Nikamwambia huyo mdogo ni mtoto wake, mimi nimekuja kumwona wangu.

Akagonga muhuri bila kuuliza lingine. Milango ilipofunguka Osewe alikuwa amesimama mbele ya watu wote, amevua kofia. Kichwa kimeanza kuota upara na mimi sikuwahi kuambiwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, nimeyapanga tangu Sudan, na yalitoka yote kichwani. Nikasema, "Nimechelewa." Akasema, "Mama, ni mimi niliyeondoka mapema mno." Hakunibebea begi. Aliliacha hapo hapo chini, akalia kwa sauti kama alivyolia siku nilipompeleka nasari, na watu wakapita pembeni yetu na mizigo yao.

Rosebella, mama yake Osewe